Oili ya Chura

Jumamosi, 1 Julai 1978

Gari limewaka. Naliandika hilo kwanza kwa kuwa ndilo jambo jema pekee la leo.

Ni gari la spoti, la Kiingereza, viti viwili, halina paa. Limezeeka kidogo. Mzungu aliyekuwa akichunguza fisi kule Serengeti alilitumia mpaka mkataba wake ukaisha, akarudi kwao, akamwachia mpishi wake kama zawadi ya kuagana. Mpishi hajui kuendesha. Mimi najua, kiasi. Tukabadilishana: yeye akaswaga maksai wangu wawili wa kulimia, mimi nikashika usukani. Mwenye macho ataona nani kapunjwa. Bhoke, mke wangu, anaona kapunjwa yeye, kwa kuwa ndiye aliyebaki na shamba na jembe la mkono. Nimemweleza kwamba maksai hula hata siku wasizolima. Akasema gari halilimi hata siku linapokula.

Mpango wangu uko wazi. Nitalikodisha kwa maharusi. Hapa Tarime bibi harusi hubebwa ndani ya Landrova kama gunia la kahawa, haonekani. Kwenye gari lisilo na paa ataonekana na kata nzima. Wa kwanza ni Philomena, mdogo wake Bhoke, anayeolewa tarehe 15 na Mwalimu Stanslaus wa Busawe. Baba yao, Mzee Kisyeri, amekubali. Nilisimama mbali naye kama inavyompasa mkwe, nikazungumza mpaka akachoka. Bhoke kanionya: nikiwaaibisha kwao siku hiyo, yeye harudi nyumbani kwangu. Wanawake huogopa maendeleo.

Mogesi anaumwa wivu. Mogesi ni binamu yangu, dereva wa trekta la kijiji, na alikuwa amejitolea kumbeba bibi harusi kwenye trela. Trela la samadi! Ndiye aliyelibandika gari langu jina la Chura, kwa vile ni fupi na taa zake zimetoka kama macho. Sasa kata yetu nzima ya Turwa inaliita hivyo. Hata padre.

Jioni injini ikaanza kugonga. Tok, tok, tok. Nikalipeleka kwa Fundi Ogola, aliyefanya kazi kwenye gereji za Kisumu, Kenya, hadi mpaka ulipofungwa, na tangu hapo hajaacha kuisimulia Kisumu. Aliegemeza bisibisi kwenye injini, upande wa pili sikioni, akafumba macho kama anasikiliza taarifa ya habari. Akasema injini ni mzee, vyuma vimelana, nafasi kati yao zimepanuka. Inataka oili nene ya kujaza hizo nafasi hata injini ikipata moto. Namba hamsini. Mpya. Ya injini ya petroli.

"Ukitia nyepesi, omera, ndugu yangu, itakimbia kama mwizi halafu itakufa kama mwizi," alisema.

Nikamwambia najua. Sikuwa najua, lakini ningejua tu.

Jumatatu, 3 Julai

Oili hakuna. Kituo cha mafuta wana pipa moja. Pipa ni kwa kibali. Kibali ni kwa Katibu Tarafa. Katibu Tarafa hutoa kwa magari ya kazi za umma.

Nikavaa suti yangu ya mikono mifupi, nikafunga duka la kijiji, ambalo mimi ndiye muuzaji wake, nikaenda ofisini. Nilimweleza Katibu kwamba gari langu litabeba wageni siku ya Saba Saba. Akauliza wageni wangapi. Nikasema mmoja. Nikarekebisha: mmoja kwa kila safari. Akauliza kiti cha pili kinakaliwa na nani. Nikasema na mimi. Akaweka kalamu chini taratibu. Akasema gari la watu wawili haliwezi kuwa la kijamaa hata likipakwa rangi ya kijani. Nikamwuliza, na baiskeli je? Akaniomba nitoke.

Nje nikamkuta Mogesi juu ya trekta, anatabasamu. Huyu mtu ana pipa zima la namba arobaini ndani ya banda la kijiji, kwa kibali. Alisema nikitaka galoni moja nimwombe tu, atamwomba mwenyekiti. Ila nimwombe vizuri, mbele za watu. Nikamjibu kwamba Chura si trekta. Baadaye nikajutia kulitumia jina hilo kwa kinywa changu mwenyewe.

Akina mama walikuja dukani kutafuta sabuni, wakakuta kufuli. Watarudi.

Jumatano, 5 Julai

Sirari. Mpaka umefungwa tangu mwaka jana. Umefungwa kwa magari na kwa wakubwa. Mikungu ya ndizi inapita.

Nilifika kwa lori la mahindi, nikaenda moja kwa moja kwa Mama Zilpa, ambaye ana ndugu zake Isebania, upande wa Kenya, na huuza kila kitu ambacho hakipo. Alisogeza ndizi, akatoa makopo mawili. La kwanza lina kutu, halina picha, limeandikwa hamsini. La pili linang'aa, lina picha ya gari la mashindano na bendera ya mirabamraba, limeandikwa ishirini.

Akaniuliza gari yangu ni mzee ama kijana. Nikasema ni ya spoti.

"Sijauliza kama inacheza mpira," alisema. "Nimeuliza umri. Kama ni mzee chukua hii ya hamsini, wachana na mambo ya picha."

Nikafikiri. Mimi hufikiri, ndiyo tofauti yangu na watu wa Turwa. Hamsini ni umri wa mtu wa kukaa kwenye kigoda. Ishirini ni umri wa kukimbia. Nikachovya kidole kwenye kila kopo. Ya hamsini ilining'ang'ania kama mdai. Ya ishirini iliteleza ikaondoka yenyewe. Kinachoteleza zaidi kinakwenda kasi zaidi, hilo halihitaji Kisumu. Nikachukua la picha. Mama Zilpa akachukua mgao wangu wa sukari wa mwezi mzima, akasema ni juu yangu.

Bhoke aliuliza sukari iko wapi. Nilimwambia taifa linatutaka tujifunge mkanda. Akaitazama mikono yangu, nyeusi mpaka kwenye viwiko. Simpendi anapokaa kimya, huwa anahesabu.

Oili nimeitia mwenyewe. Ogola angeanza maswali.

Ijumaa, 7 Julai. Saba Saba

Asubuhi, utukufu. Injini kimya. Haigongi hata kidogo. Nilipita mbele ya banda la Mogesi nikienda na nikirudi, ingawa sikuwa na pa kwenda. Alikuwa anapaka trekta grisi. Aliinua kichwa. Inatosha.

Uwanjani niliingia baada ya ng'ombe wa maonyesho. Hapo injini ilikuwa imeshapata moto. Nikaona mshale wa geji ya oili unashuka, unashuka, mwishowe ukalala chini kama mgonjwa. Tok tok ikarudi, na safari hii imekuja na ndugu zake. Nyuma ukatoka moshi wa bluu. Bendi ya shule ya msingi ikapoteza mdundo, kisha mpiga ngoma kubwa, mtoto mwenye kipaji, akaanza kuifuata injini yangu, na wenzake wakamfuata. Wakapita jukwaani wanaruka badala ya kutembea. Mgeni rasmi alijifunika pua kwa leso. Watu walishangilia sana. Sijui walimshangilia nani, lakini nilipunga mkono.

Ogola alitoka katikati ya watu akikimbia, akiwa amevaa viatu vyake vya sikukuu. Aliniuliza nimetia oili gani. Nikasema ya spoti. Akauliza namba. Nikasema imeandikwa kwa Kiingereza. Alichomoa kijiti cha kupimia, akaifikicha oili yake kwa vidole, akanitazama.

"Haya ni maji ya kunawa," alisema. "Zima hii gari."

Nikazima, kwa kuwa ilikuwa imeshazimika.

Mshale ule wa geji ulikuwa unanitia wasiwasi. Jioni nimeubandikia beji ya Chama juu yake. Tangu hapo geji haina tatizo.

Jumapili, 9 Julai

Baada ya misa Ogola alikuja nyumbani bila kuitwa. Akafungua nati ya chini, akamwaga oili yote kwenye karai, akalisogeza juani. Ndani ya ile oili kulikuwa na chenga zinametameta. Ndogo kama unga. Nyekundu-njano.

Aliniuliza kama naona. Nikasema naona. Akaeleza kwa muda mrefu: hizo ni beringi, zina tabaka la shaba ndani, oili ikiwa nyepesi mno kwa injini iliyochakaa, ikipata moto inakimbia, vyuma vinasagana vikavu, na hizi ndizo chenga zake. Akasema tusipobadilisha oili sasa hivi, injini itajila yenyewe mpaka iishe.

Mimi sikuwa namsikiliza. Nilikuwa nafikiri. Yule Mzungu alikuwa akipita Nyamongo kila alipotoka Serengeti. Nyamongo watu wanachimba dhahabu. Barabara ina vumbi. Gari ni fupi, mdomo wa injini uko karibu kabisa na ardhi. Miaka yote hiyo linameza vumbi la Nyamongo!

Ogola anajua injini. Hajui madini.

Nilimshukuru, nikamwambia aliache karai.

Jumanne, 11 Julai

Siku mbili za kazi kubwa. Duka nimelifunga. Nimeosha oili kwa maji moto na sabuni ya dukani, kwa mizunguko kama wafanyavyo wachimbaji, nikapata kiasi cha kufunika sakafu ya kiberiti. Kidogo. Lakini mtu mwenye akili haangalii alichopata, anaangalia kinatoka wapi. Kinatoka pale injini inapogonga. Ikigonga zaidi, kinatoka zaidi.

Basi nikatia tena ile namba ishirini iliyobaki kwenye kopo, nikachukua barabara ya Sirari kwa kasi yote, kwenda na kurudi, geji ikiwa imefunikwa na roho yangu ikiwa na amani. Injini ililia kama mashine ya kusaga yenye mawe. Mogesi alinisimamisha njiani akauliza nafanya nini. Nikamwambia uzalishaji.

Nilipomwaga, karai liling'aa kama kanisa. Kiberiti kikajaa nusu.

Kuna mnunuzi wa madini hapa mjini anaitwa Machage, mtu mnene asiyecheka. Nilimwekea kiberiti mezani bila kusema neno, kama wanavyofanya matajiri. Akadondoshea tone la dawa yake ya kupimia dhahabu. Ikachemka povu la kijani, ikaisha. Machage akacheka. Aliita mke wake aje kuona, naye akacheka. Akaniuliza kama nimetwanga kengele ya kanisa.

Shaba. Ogola alibahatisha.

Alhamisi, 13 Julai

Harusi keshokutwa. Chura sasa hagongi tena tok tok. Ana sauti ya mtu anayeburuza sufuria kwenye mawe.

Nikaenda kwa Ogola kwa unyenyekevu, yaani nilimwacha aongee. Alisema namba hamsini haipatikani kwa siku mbili, na mimi sina tena sukari ya kumlipa Mama Zilpa. Lakini namba arobaini ya Mogesi, ingawa ni ya trekta, ni nene, ni safi, ni mpya. Nikiitia leo, nikaiwasha taratibu asubuhi, nikaenda mwendo wa bibi harusi na siyo mwendo wangu, Chura anaweza kufika Busawe. Alisema anaweza. Hakusema atafika. Kisha akafuta taa za gari kwa kitambaa chake mwenyewe, zote mbili, taratibu, jambo ambalo sikulielewa.

Nikaenda banda la kijiji. Mogesi alikuwepo. Bahati mbaya walikuwepo pia akina mama waliotoka kukuta duka limefungwa, wamekaa kwenye kivuli cha trekta na vikapu vitupu. Wote wakanitazama. Mogesi akafuta mikono, akangoja. Pipa lilikuwa pale, nyuma yake. Nilifungua kinywa nimwombe. Nilikuwa nimeshapanga na maneno.

Nikamwuliza saa ngapi.

Akaniambia. Nikaondoka.

Nyumbani Bhoke hakuwepo, amekwenda kwao kusaidia mapishi. Jikoni kulikuwa na vyungu vya samli, kazi yake ya tangu Pasaka, kwa ajili ya harusi. Nikafunua kimoja. Nikakaa chini kabisa kwa jinsi wazo lilivyonijia kwa nguvu. Nene! Safi! Haina mchanga! Haihitaji kibali cha mtu yeyote, imetoka kwa ng'ombe wetu wenyewe. Tunaambiwa kila siku tujitegemee, na mimi nahangaika na makopo ya magendo.

Niliipasha moto, nikaitia. Nikawasha. Sijawahi kusikia kitu kama kile. Ile sauti ya sufuria ikazama, ikazama, ikabaki kama ng'ombe anayecheua. Nilizunguka nyumba mara kadhaa, Chura ananguruma kwa upole, kote kunanukia chapati.

Nimeurudisha mfuniko wa chungu mahali pake.

Jumapili, 16 Julai

Naandika ya jana. Jana sikuweza.

Julai hii Tarime ina baridi. Kulipopambazuka ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye paa. Nikakaa kwenye gari nikiwa na suti na ua kifuani, nikageuza ufunguo. Injini ikasema ngh. Nikageuza tena. Haikusema hata hiyo. Nikachomoa kile kijiti cha kupimia. Kilitoka na kipande kigumu cheupe, kama mshumaa.

Samli imeganda. Mtu hawezi kufikiria kila kitu.

Nikawasha jiko la mkaa, nikalisukuma chini ya injini. Baada ya muda samli ya chini ikayeyuka. Ya juu ikabaki inalala. Nilipowasha, huko juu vyuma vikapiga yowe, vikavu kabisa, yowe ambalo lilimtoa jirani nje na panga. Kisha ikatulia kidogo, nikaondoka. Kanisani Ogola alikuwa amesimama mlangoni. Alinisikia nikija kabla hajaniona. Akavua kofia.

Misa ilikwenda vizuri. Philomena alitoka na gauni jeupe na glavu, nikamfungulia mlango. Viti ni viwili, kwa hiyo bwana harusi akapanda trela la Mogesi pamoja na kwaya, wazee, Bhoke na vyungu. Trela lilikuwa limefagiliwa na kupambwa majani ya migomba, hilo siwezi kukataa. Nikatangulia mimi. Watu walijipanga njiani. Walimwona bibi harusi wote, kama nilivyoahidi. Mbwa nao walikuja. Harufu ya kukaanga iliwatoa kila boma, wakatufuata nyuma kama walioalikwa. Philomena aliniuliza shemeji hii harufu ni ya nini. Nikamwambia ni ya spoti.

Kilima cha kwanza baada ya mji, barabara ya Nyamwaga. Injini ilianza kupiga kelele. Ningepaswa kupunguza mwendo. Lakini Mogesi alikuwa nyuma yangu pale pale na trekta lake, na kwaya inaimba, nikaona nikipunguza atanipita. Nikakanyaga mpaka mwisho.

Kilio kimoja. Kishindo. Kipande cha chuma kikatoboa ubavu wa injini, kikaruka barabarani na kubiringika mpaka shambani. Samli ya moto ikamwagika njia nzima, nyeusi. Gauni la Philomena likapata madoa kuanzia kifuani hadi magotini.

Kwaya ikanyamaza katikati ya ubeti.

Bhoke alishuka wa kwanza. Hakuja kwangu. Aliinama barabarani, kati ya mbwa waliokuwa wanalamba, akagusa ile oili kwa ncha ya kidole, akainusa.

"Hii ni samli yangu," alisema.

Nikasema sehemu yake, ndiyo.

Mzee Kisyeri alishuka kwa kusaidiwa. Nilitegemea fimbo. Nafikiri ningefurahi kupata fimbo. Alilizunguka gari, akatazama tundu la ubavuni, akamtazama binti yake. Philomena hakulia. Alivua viatu na glavu, akakusanya gauni lake mikononi, akatembea kwenye vumbi mpaka kwenye trela. Mogesi akamnyooshea mkono. Akapanda, akakaa kwenye gunia kando ya Mwalimu Stanslaus.

"Afadhali," alimwambia mumewe. "Tangu kanisani naonekana kama nimeolewa na shemeji."

Watu wakacheka, hata yeye mwenyewe, na trela zima likapumua. Mzee Kisyeri ndiye hakucheka. Alinijia karibu kuliko desturi inavyoruhusu mtu na mkwewe.

"Rubeni," alisema, "wewe baki ulinde gari lako."

Bhoke alipanda trela na wengine. Nilimtazama kama atageuka. Alikuwa ameshika chungu kilichokuwa kitupu, amekipakata kama mtoto, na hakugeuka. Trekta likanipita. Mogesi hakupiga honi. Angepiga honi ningemchukia vizuri. Walipofika upande wa pili wa kilima kwaya ikaanza tena. Waliimba vizuri kuliko nilipokuwepo.

Nilikaa hapo na mbwa mpaka samli ikaisha, nao wakaondoka.

Jumatano, 19 Julai

Ogola amemvuta Chura kwa kamba mpaka kwake na kuifungua injini. Ameipanga vipande vipande juu ya gunia. Akanionyesha shafti ya juu, ile inayofungua vali. Vinundu vyake hutakiwa kuwa na ncha kama yai. Vyangu ni mviringo kama gololi. Hiyo ni kazi ya samli, alisema. Iliganda, haikupanda, huko juu kukasagika kukavu. Za chini zilikuwa zimeshaliwa na ile namba ishirini, ambayo ikipata moto haina nguvu ya kukaa kati ya chuma na chuma. Nyepesi iliua chini kukiwa na joto, nene iliua juu kukiwa na baridi. Alisema hajawahi kuona mtu akiiua injini moja kwa njia zote mbili.

Nikangoja anitukane. Badala yake akakaa kwenye tairi. Kumbe miaka yote ya Kisumu hawakumruhusu kugusa gari la spoti. Yalikuja mawili matatu, ya wakubwa, akatumwa kuyaosha tu. Chura alikuwa wa kwanza kwake. Aliomba nimwachie hili lililobaki, hata likiwa bovu. Nikamwachia. Nilitaka kusema kitu kizuri, nikakosa, nikamwambia ajihadhari na mlango wa kushoto, haufungi.

Nyumba haina mtu. Nimesonga ugali mwenyewe. Umetoka na madonge, na katikati ya kila donge kuna unga mkavu. Nimeula kwa sababu hakuna aliyekuwepo wa kunicheka. Jana nilikwenda mpaka kwa Mzee Kisyeri, nikasimama mbali na boma kwa heshima, nikatoa shikamoo kwa sauti. Shikamoo haikujibiwa. Nilimwona Bhoke analima kwa jembe la mamaye. Analima haraka.

Jioni mwenyekiti wa kijiji alikuja na uamuzi wa kamati. Duka limekabidhiwa kwa Robi, mjane mwenye adabu ambaye anajua kulifungua. Mimi nimepewa Mogesi. Nitakuwa msaidizi wake wa trekta: kufuta, kubeba maji, kutembea nyuma na kuokota mawe. Shamba la kwanza kulimwa ni la Bhoke. Likishalimwa, mwenyekiti alisema, Mzee Kisyeri atamwambia bintiye kwamba anaweza kurudi akitaka. Akitaka, alirudia.

Ijumaa, 28 Julai

Shamba limelimwa. Mogesi alinyoosha mistari kama mwalimu wa hesabu, mimi nyuma yake nimekula vumbi na kuokota mawe mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Nilipoinuka kwenye mstari wa mwisho nikamwona Bhoke amesimama pembeni na mzigo wake kichwani. Aliupita udongo uliolimwa kwa miguu mitupu, akaugusa, akaenda nyumbani. Nyumbani kwangu. Leo mchana amenipakulia ugali bila madonge. Hajaongea nami bado, ila ameniuliza kama mgongo unauma, na mimi nahesabu hayo kuwa mazungumzo.

Nimejifunza mengi mwezi huu, nayaandika yasipotee. Kwanza, magari mafupi hayafai kwa nchi yetu. Pili, samli haikuwa na kosa lolote. Kosa ni la baridi.

Kesho Mogesi anakwenda msibani kwa wajomba zake. Jumatatu kutwa nzima trekta linangojewa na mashamba ya wajane, kwa hiyo kesho ni lazima oili ibadilishwe, na kazi hiyo ameniachia mimi. Amenipa ufunguo wa banda. Amenionyesha pipa la namba arobaini kwa kidole. Akanitaka nirudie maneno yake: oili ya humu tu, na nisiguse kitu kingine. Nikarudia. Akanitaka nirudie tena. Nikarudia tena. Sasa ananiamini, maana yake tumepatana, na mimi nataka nimlipe wema huo kwa kitu ambacho mtu wa kawaida asingekifikiria.

Nimekwenda kuichungulia ile namba arobaini. Ndani ya pipa ni nyeusi. Ina harufu mbaya. Injini ya kijiji kizima, na inalishwa uchafu ule.

Leo hii watu wa Busawe wamemletea Bhoke debe la asali, shukrani kutoka kwa Mwalimu Stanslaus. Nimelifungua kidogo. Nene kuliko samli. Safi. Na baridi yote hii ya Tarime, haijaganda hata kidogo.

Mogesi akirudi kutoka msibani atalikuta trekta lake kimya kabisa.